Manjaniki Darasani na Fizikia Inayopotea Kwenye Maonyesho

Mwaka 1763 Chuo Kikuu cha Glasgow kilikuwa na mashine ndogo ya mvuke iliyowekwa kwa ajili ya kufundishia. Ilikuwa mfano wa mashine ya Thomas Newcomen, ambayo tangu 1712 ilikuwa ikitumika kuvuta maji kutoka kwenye migodi ya Uingereza. Mfano huo ulikuwa umeundwa vizuri, kila kiungo kikiwa mahali pake, lakini haukufanya kazi. Ukiwashiwa moto, pistoni ilipanda na kushuka mara chache, kisha mvuke ukaisha na kila kitu kikasimama, ingawa boila lake lilionekana kubwa la kutosha. Ulikuwa umeshapelekwa hadi London kutengenezwa. Aliyekabidhiwa baadaye ni James Watt, fundi wa vyombo vya kupimia pale chuoni, kijana wa miaka 27 hivi.

Njia rahisi ilikuwa kuunda boila kubwa zaidi na kumrudishia mwalimu chombo chake. Watt akaamua kupima. Alipima mvuke unaoingia kwenye silinda kila pigo, akakuta mashine inameza mvuke mara kadhaa ya ujazo wa silinda yenyewe. Mwingine ulikuwa unakwenda wapi? Kwenye mashine ya Newcomen mvuke huingia kwenye silinda, kisha hunyunyiziwa maji baridi humohumo ili ugeuke maji. Ndani hubaki ombwe, na hewa ya nje huikandamiza pistoni chini. Lakini maji yale baridi huipoza silinda nayo, kwa hiyo mvuke wa pigo linalofuata huanza kwa kuupasha moto ukuta wa silinda kabla ya kufanya kazi yoyote ya maana. Kwenye mashine kubwa hasara hiyo ilikuwepo ila ilivumilika. Silinda ya mashine ya 1712 ilikuwa na kipenyo cha sentimita 53 hivi; ya mfano wa Glasgow ilikuwa na sentimita 5. Ukikipunguza chombo mara kumi kwa kila upande, eneo la kuta zake linapungua mara mia, lakini ujazo wake unapungua mara elfu. Mvuke wa kwenye silinda ndogo, kwa kadiri ya wingi wake, ulikuwa umezungukwa na ukuta mara kumi zaidi. Hasara iliyojificha kwenye mashine kubwa ikatoka hadharani kwenye ile ndogo. Mei 1765 Watt akapata jibu: mvuke ugeuzwe maji kwenye chombo cha pembeni, silinda ibaki ya moto muda wote. Mapinduzi ya viwanda yanadaiwa sehemu kubwa na wazo hilo, na wazo lenyewe lilizaliwa kwenye kifaa cha darasani kilichogoma.

Nakileta kisa hiki kwa sababu siku hizi tunazungumza sana kuhusu watoto kujifunza kwa kutenda. Kenya ina mtaala wa umilisi, Tanzania ilianza mtaala ulioboreshwa Januari 2024, na shule nyingi sasa zina siku ya maonyesho ambapo watoto hupanga mezani vinu vya upepo, winchi, meli na madaraja ya vijiti. Nauunga mkono mwelekeo huo kwa moyo wote. Mifano ya mashine za kale ni njia bora kuliko zote ninazozijua za kumwingiza mtoto kwenye fizikia, kwa kuwa mashine hizo zilibuniwa kabla ya umeme na kila kani iliyomo inaonekana kwa macho. Tatizo ni kwamba tunaipima mifano hiyo kwa vigezo vya kazi za mikono. Tunatazama rangi, unadhifu, ukubwa na kama imefanana na picha. Hatumuulizi mtoto mashine yake inatoa kiasi gani kwa kile inachopewa, na hapo ndipo fizikia inapotutoka.

Chukua manjaniki, mashine ya kale ya vita ya kurushia mawe kwa boriti. Watu wengi wa pwani wanaijua kupitia visa vya Mitume, pale Namrudi alipoamuru Nabii Ibrahim atupwe motoni kwa manjaniki. Manjaniki za mwanzo, zilizotumika China karne nyingi kabla, zilivutwa na watu: kundi la wanaume likishika kamba za upande mmoja wa boriti na kuvuta kwa pamoja. Kufikia karne ya 12, kwenye nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, nguvu ya watu ikabadilishwa kwa sanduku zito la mawe au mchanga. Mwishoni mwa karne hiyo mwandishi aitwaye al-Tarsusi aliieleza mashine ya namna hiyo kwenye kitabu alichomwandikia Sultani Salahuddin. Mwaka 1273 mafundi wawili Waislamu, Ismail na Alauddin, waliotoka upande wa Uajemi, waliwaundia Wamongolia manjaniki zilizouvunja mji wa Xiangyang nchini China baada ya kuzingirwa kwa miaka. Mwaka 1304, kule Stirling nchini Scotland, mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alikataa kuwapokea walinzi wa ngome waliotaka kusalimu amri mpaka kwanza aijaribu manjaniki yake mpya. Ni historia ya ukatili, na mwalimu asiifiche. Watoto wakijua mashine hii ilitumika kwa nini, wanaishika kwa adabu tofauti.

Lakini kama chombo cha kufundishia, sijaona kinachoishinda. Vifaa vyake viko kila mahali: boriti ya mti yenye urefu wa mita moja, chuma cha kupitisha kwenye egemeo, chupa mbili za maji zilizojazwa mchanga, kamba, kitambaa cha kombeo na msumari. Boriti inaegemezwa karibu na upande wa uzito, mkono mfupi huku na mkono mrefu kule. Mkono mrefu unavutwa chini na kufungwa, kombeo linalazwa chini likiwa na ndimu ndani yake. Ukifungua, mzigo wa mchanga unashuka, mkono mrefu unapanda kwa kasi, kombeo linauzunguka, na ncha yake moja inachomoka kwenye msumari. Ndimu inakwenda zake.

Hapo watoto hushangilia, na walimu wengi humaliza somo. Mimi ningetaka somo lianze hapo, na lianze kabla ndimu ya pili haijaruka. Kila mtoto aandike kwenye daftari anadhani itaanguka mita ngapi na kwa nini. Hesabu yenyewe iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa kidato cha pili. Tuseme mzigo ni kilo 3 na unashuka nusu mita. Nishati tuli inayopotea ni kilo 3 mara 10 (kadirio la mvutano wa dunia) mara nusu mita, yaani jouli 15. Kama nishati yote ingehamia kwenye ndimu ya gramu 50 na ndimu ikaachiliwa kwa pembe ya nyuzi 45, ingefika umbali ulio sawa na mara mbili ya uwiano wa uzito mbili hizo, mara kimo cha kushuka. Kilo 3 ni mara 60 ya gramu 50. Mara mbili ya 60 ni 120, ukizidisha kwa nusu mita unapata mita 60.

Tazama vizuri hesabu hiyo, maana kuna jambo kubwa limejificha ndani yake. Mvutano wa dunia umejifuta wenyewe. Unaufanya mzigo ushuke kwa nguvu, na kwa kiasi hichohicho unaivuta ndimu irudi chini. Tukiweka kando upinzani wa hewa, manjaniki ileile ikiwekwa mwezini, ambako mvutano ni karibu sehemu moja ya sita ya huku kwetu, itarusha ndimu umbali uleule, ila itachukua muda mrefu zaidi kutua. Mwambie mtoto wa miaka 14 jambo hilo akatae. Kisha mwachie kalamu na karatasi alithibitishe mwenyewe. Sijui njia nyingine ya kumwonyesha mtoto kwa dakika kumi kwamba fomula ni fikra yenye kusema jambo ambalo macho yasingeliona.

Halafu ndimu inaruka na kuanguka mita 18. Hesabu ilisema 60. Hapa ndipo penye utajiri wote wa somo, na hapa ndipo mwalimu anapotakiwa kunyamaza. Mita 42 zimekwenda wapi? Watoto wataanza na hewa, kwa sababu ndiyo wanayoisikia kwenye vitabu, na kwa ndimu inayokwenda mwendo huo hewa inachukua kidogo tu. Mmoja ataona chupa za mchanga bado zinabembea kwa nguvu baada ya ndimu kuondoka: nishati imebaki humo. Mwingine atagusa chuma cha egemeo, akute mti umekwaruzwa: msuguano. Mwingine ataona fremu nzima iliruka na kusogea kwenye mchanga. Na boriti yenyewe, nani aliyehesabu kazi ya kuizungusha? Kila jibu linaweza kupimwa. Paka egemeo mafuta, urushe tena. Chonga ncha ya boriti iwe nyembamba, urushe tena. Fungia fremu mawe. Andika namba kila mara.

Msumari unastahili aya yake. Ukiwa umenyooka sawasawa na boriti, pete ya kombeo huchomoka mapema na ndimu hupanda juu moja kwa moja, wakati mwingine inarudi nyuma na kuwaangukia waliosimama wakidhani wako salama. Ukipindwa mbele sana, pete huchelewa kuchomoka na ndimu inapigizwa chini mita chache mbele ya mashine. Kati ya hapo na hapo pana pembe moja nzuri, na kuipata ni kazi ya koleo, subira na daftari. Niliwahi kumwona msichana wa darasa la saba akiupinda msumari kidogo kidogo, kila mara akichora pembe yake kwenye karatasi kabla ya kurusha, wenzake wakimhimiza aongeze tu mchanga kwenye chupa. Alikataa kugusa mchanga mpaka amalizane na msumari. Kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vilivyo ni jambo ambalo vitabu vya sayansi hulieleza kwenye ukurasa wa kwanza, na watoto hulisoma bila kulijali. Yeye alilijali kwa sababu alitaka kujua.

Wapo watakaosema mashine ya vita haifai darasani. Hoja hiyo naiheshimu, na ninakubali kwamba sheria za usalama ziwe kali: watoto wote wasimame pembeni, asiwepo mtu mbele wala nyuma, kirushwe kitu laini, na mkubwa ndiye ashike kamba ya kufungulia. Kama mwalimu bado hapendi, achague mashine nyingine. Parafujo ya Archimedes ya kupandisha maji inatosha kabisa, au gurudumu la maji, au saa ya maji ya aina alizoziunda al-Jazari, mhandisi wa kale aliyemaliza kitabu chake mwaka 1206. Masharti ni yaleyale. Mtoto akadirie, apime, atafute kilichopotea.

Lipo jambo moja ambalo mifano midogo hulifundisha kuliko mashine yoyote kubwa, nalo ni ukubwa wenyewe. Watoto wakifurahia manjaniki ya mita moja, swali linalofuata huwa ni kwa nini tusiunde ya mita kumi. Waacheni wapige hesabu. Boriti ikikuzwa mara kumi kila upande, unene wake wa kubeba mzigo unaongezeka mara mia, lakini uzito wake wenyewe unaongezeka mara elfu. Boriti iliyokuwa imara kama chuma inaanza kulemewa na mwili wake. Galileo aliuanza kitabu chake cha mwaka 1638 kwa swali hilohilo, akiwaweka wazungumzaji wake kwenye karakana ya kuundia meli ya Venice, ambako mafundi walijua kwa uzoefu kwamba mashine kubwa iliyofuata vipimo vya ndogo haiwi imara kama ile ndogo. Swali la Galileo na tatizo la Watt ni la ukoo mmoja. Eneo na ujazo havikui kwa mwendo mmoja, na anayelijua hilo anaanza kuelewa kwa nini miguu ya tembo ni minene kupita kiasi na kwa nini mtoto mchanga hupoa upesi kuliko mama yake. Mtaala wetu una eneo na una ujazo, kwenye hisabati, kila kimoja na fomula zake. Hukutana mara chache mno na kitu chochote kinachoweza kuvunjika.

Sasa turudi kwenye meza za maonyesho. Tumefika mahali ambapo mzazi anamlipa fundi seremala amwundie mtoto mradi, au anauchonga mwenyewe usiku baada ya kazi. Malalamiko ya wazazi wa Kenya kuhusu gharama na muda wa kazi hizi yamesikika kwa miaka, na siwalaumu wazazi. Shule ikitoa alama kwa unadhifu, mzazi mwenye akili atanunua unadhifu. Mtoto wa fundi na mtoto wa mwenye fedha watashinda, na aliyeunda kinu chake kwa makopo kikawa kinapinda kila upepo ukivuma ataona aibu kukileta. Huyo ndiye aliyekaribia fizikia kuliko wote. Kinu kinachopinda kina swali ndani yake, na kile kilichogundishwa kwa gundi kisizunguke kabisa hakina. Nimesimama mbele ya mifano mizuri ya kupendeza, nikamuuliza mtoto nini kitatokea akiongeza uzito mara mbili, akanitazama kama niliyeuliza jambo nje ya mada. Hakuwa na kosa. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ndiyo mada.

Na si lazima tuende Stirling wala Glasgow kutafuta mashine za kale. Jahazi bado linaonekana Lamu, Zanzibar, Tanga na Kilwa. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, hupandishwa kwa henza, kamba nene inayopita juu ya mlingoti. Mwisho wa henza umefungwa gofia, yaani kapi la juu, chini kuna abedari, kapi la pili, na jarari, kamba ya kuvutia, hupita kati ya gofia na abedari mara kadhaa kabla ya kufika mikononi mwa mabaharia. Huo ni mfumo kamili wa kapi, na watoto wengi wa pwani wameshautazama ukifanya kazi bila mtu kuwaambia kwamba ndio uleule ulio kwenye sura ya mashine rahisi. Mifano ya majahazi inayouzwa kwa wageni ni kazi nzuri ya uchongaji, lakini kamba zake zimefungwa zisisogee. Mtoto aunde mlingoti wa ufito, gofia na abedari za mbao zilizotobolewa au vikapi vidogo vya duka la vifaa, na foromali yenye uzito unaojulikana. Ashike jarari kwa mizani ya springi. Kamba zinazoishikilia gofia zikiwa nne, atatarajia kuvuta robo ya uzito. Mizani itamwonyesha zaidi ya robo, na ziada hiyo ni msuguano. Apime pia urefu. Ili foromali ipande sentimita 10 atavuta sentimita 40 za jarari. Baada ya hapo, sheria ya kutopotea kwa nishati atakuwa ameishika kwa mkono kabla ya kuisoma. Na akimuuliza nahodha mzee kwa nini kamba haizidishwi mizunguko hadi mtoto mmoja aweze kupandisha tanga peke yake, ataambiwa habari za msuguano, urefu wa kamba na muda, labda kwa maneno makali zaidi ya yangu.

Walimu watasema, na wana haki, kwamba darasa lina watoto 70 na mtihani hauulizi hayo. Kuhusu watoto 70, manjaniki saba za watu kumi zinagharimu kidogo kuliko seti moja ya vifaa vya maabara, na kwa kikundi cha kumi kuna kazi ya kila mtu: wa kupima umbali, wa kuandika, wa msumari, wa kamba. Vipindi viwili mfululizo kwa muhula vinatosha kuanzia. Maonyesho nayo yanaweza kubadilika bila shilingi moja ya ziada: waamuzi wapewe daftari la mtoto kabla ya kuuona mfano, na nusu ya alama itoke kwenye daftari. Mzazi anaweza kununua mbao zilizopigwa randa. Daftari lenye makadirio yaliyokosea na namba zilizorekebishwa wiki baada ya wiki ni gumu zaidi kununua.

Kuhusu mtihani, hoja yao ni nzito, kwa sababu kisichoulizwa hakifundishwi. Basi kiulizwe. Manjaniki ndogo ina mzigo wa kilo 4 unaoshuka sentimita 40, inarusha jiwe la gramu 80 kwa pembe ya nyuzi 45, jiwe linaanguka mita 14. Hesabu umbali ambao lingefika kama nishati yote ingehamia kwenye jiwe, toa ufanisi wa mashine kwa asilimia, taja sehemu mbili ambako huenda nishati imepotea, kisha eleza jaribio moja ambalo ungelifanya kuthibitisha mojawapo. Jibu la sehemu ya kwanza ni mita 40, la pili asilimia 35. Sehemu ya mwisho haina jibu moja, haikaririki, na itamchukua msahihishaji muda mrefu kuisoma. Mabaraza ya mitihani yaweke fungu la kuwalipa wasahihishaji kwa muda huo.